Hotuba Iliyomwinua Kaka Kwenye Sahani

Nitalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Buyenzi: mimi ndiye niliyemtukana kaka yangu mbele ya wageni wote, siku aliyotoka gerezani, tena kwa neno ambalo halimlizi hata mtoto.

Mama alikuwa ameniambia niseme karibu nyumbani, basi, kisha watu waanze kula. Lakini miaka minne tulikuwa tumekula sahani moja bila Hamadi, nikaona karibu tupu haitoshi, nikasimama (na karatasi, jamani, nilikuwa nimeandika) nikaanza kueleza kwamba kaka yetu tangu zamani ni jirani mwema. Hamadi akarudisha tonge la bugali kwenye sahani. Rafiki zake wawili, waliotoka gerezani wiki ile ile, wakaacha kutafuna. Mimi nikadhani hawakusikia vizuri kwa sababu ya kelele za watoto, nikarudia kwa sauti kubwa, kisha nikaomba watu wote wampigie makofi jirani yetu, wakapiga, na shangazi akaongeza vigelegele.

Hamadi akainuka, akatoka kwenda uani. Rafiki zake wakamfuata, samaki wao akabaki mzima sahanini.

Nilimshika mkubwa wao, Saidi, mlangoni. Akanieleza polepole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, kuwa kule ndani jirani ni yule anayelala karibu nawe ili apeleke maneno yako kwa walinzi. Kwa neno hilo watu wameng'oana meno. Na anayeitwa hivyo huacha sahani ya pamoja, akala peke yake mpaka moyo wake utulie.

"Lakini mi sikujua," nikamwambia.

"Anajua hukujua, dada. Ni mwili yake ndio haiyajua kama ilishatoka gerezani."

Jioni ile ile nilimwomba Hamadi radhi. Akacheka kidogo, akasema yameisha, sisi ni watoto wa mama mmoja. Hata hivyo yapata mwezi sasa anapakuliwa peke yake, anakula uani akiwa ameegemea ukuta, mlango ameufunga nyuma yake, na sisi huku ndani tunasikiliza kijiko chake. Hotuba sitoi tena, hata kwenye harusi yangu mwenyewe (ikitokea).

Jana mchana alikuja kunawa mikono pale tulipoketi. Nikasogea upesi kumwachia nafasi, Mama naye akasogea. Akatutazama, mikono ikidondosha maji, kisha akachukua sahani yake akatoka. Safari hii mlango hakuufunga.