Farasi Aitwaye Shangazi na Suruali ya Mwalimu Mkuu

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kununua kitu kabla ya kuzunguka. Zipu, uzi, hata vifungo vya shati, lazima aulize maduka matatu. Basi alipomgundua Shangazi, farasi jike wa kijivu ambaye hakuna aliyemtia maanani, akaapa kwamba ndiye atakayeshinda mbio kubwa za mwisho wa msimu, miezi mitano mbele. Akaanza kuzunguka maduka ya kubeti.

Duka la jirani na posta lilitoa odi ya arobaini kwa moja, yaani shilingi arobaini kwa kila moja utakayoweka. La pili, arobaini na mbili. La tatu likapanda kidogo, na la nne, kule ng'ambo ya stendi, likafika hamsini. Je, la tano? Kila odi aliiandika kwa chaki ukingoni mwa meza ya kukatia, kando ya vipimo vya wateja, na kila jioni alisema, "Kesho naweka."

Utajiri hakuutaka sana. Alitaka mara moja tu maishani ajue jambo kabla ya kinyozi, kaka wa mkewe, aliyekuwa akimcheka tangu siku ya harusi.

Chaki ndiyo iliyomponza. Asubuhi moja alikata suruali ya mwalimu mkuu, mtu mwembamba kama rula, kiuno inchi hamsini. Mkewe, ambaye kazi yake ni kumalizia pindo na vifungo, aliiinua ile suruali, akatazama meza. Kisha akachukua pochi, akaenda kununua kitambaa kingine.

Wiki ya mbio, odi zilikuwa zimeporomoka hadi sita. Fundi aliona haya kulipia kwa sita kitu alichokiacha kwa hamsini. Akaenda kutazama mbio kwa kinyozi, mikono mitupu, na Shangazi akashinda kwa urefu wa shingo.

"Si ndiye huyo wako, shemeji?" kinyozi alisema. "Hebu toa tiketi tuione."

"Nimeisahau nyumbani," fundi alijibu, akatoka haraka maana machozi yalikuwa karibu.

Mkewe alikuwa anapiga pasi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachovya mkono kwenye kopo la vifungo akatoa tiketi. Duka la jirani na posta, jina la fundi, tarehe ya ile suruali.

Fundi aliisoma mara mbili. "Arobaini? Mbona ng'ambo ya stendi walikuwa wanatoa hamsini?"

"Miguu iliniuma," mkewe alisema. "Nenda ukamwonyeshe kaka yangu kabla hajafunga."