Kaanga ya Pili

Tangu aanze kuuza chipsi, Mama Kaango hakuwahi kumpa mteja viazi vilivyokaangwa mara moja. Asubuhi alivitia kwenye mafuta ya moto wa wastani mpaka vilainike, akavitoa vikiwa vyeupe na kuvitandaza kwenye sinia vipoe. Mteja akisimama dirishani, ndipo viazi vinarudi kwenye mafuta makali, vinapiga kelele, vinatoka vimevaa dhahabu.

"Kaanga ya kwanza ni kazi," alizoea kusema. "Ya pili ndiyo mkono wangu."

Siku hiyo mafuta yalikuwa yameshika moto sawasawa aliposikia kitu kikikwaruza uchochoroni. Alikuwa afisa mipango wa halmashauri, kijana wa shati lililonyooka, akisukuma gurudumu la kupimia kutoka lango la nyuma la shule mpaka kizingitini pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanipimia kaburi?"

Kijana alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. Akaeleza. Kuna sheria mpya: chakula cha moto cha kubeba kisiuzwe karibu na lango la shule, watoto wasishindie mafuta na chumvi. Kwa kipimo cha lango la mbele, kule barabara kuu, mama yuko mbali kabisa. Kwa hili la nyuma, amenaswa.

"Na hili la nyuma unajua limeletwa na nani?"

"Mimi nimelikuta, mama."

"Nimelileta mimi!" Mwiko ulitua kwenye beseni kwa kishindo.

Na kweli ni yeye. Mjukuu wake alipogongwa na pikipiki barabara kuu, mguu wa mtoto haukurudi tena kuwa mguu. Mama Kaango aligonga kila mlango wa mtaa kukusanya wazazi. Alikalia benchi la ofisi ya diwani mpaka diwani akawa anamtoroka kupitia dirishani. Ukuta wa nyuma wa shule ukabomolewa, lango likawekwa ili watoto wasipite tena barabara kuu, na mafundi walikula chipsi zake bure.

Shemeji yake, muuza nyama wa kibanda cha jirani, alikuwa ametega sikio. Akatoka na kisu mkononi.

"Kijana wangu, na lango hilo likifungwa?"

"Likifungwa, mama yuko salama. Tena mwalimu mkuu mwenyewe hapendi malango mawili. Mama aliyeliomba akisema halitaki tena, litafungwa kesho."

"Unasikia, shemeji? Neno moja tu! Watoto wazungukie mbele kama zamani."

"Kama zamani?" Sauti ya Mama Kaango ilishuka, na kwa waliomjua, heri ingepanda. "Hiyo zamani wewe ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa katikati ya barabara, natafuta kiatu cha mtoto."

Muuza nyama alitazama kisu chake kama kimempandia mkononi bila ruhusa, akarudi kibandani.

Mama Kaango akamgeukia afisa. "Pale dukani soda na pipi zimepangwa usawa wa macho ya watoto. Gurudumu lako halifiki pale?"

"Zile si za moto, mama."

"Kumbe kosa ni moto."

"Ndivyo sheria inavyosema."

Alimkazia macho. Kisha akainama, akazima gesi. Mafuta yalinung'unika kidogo, yakanyamaza. Akalibeba sinia la viazi vyeupe, akalibwaga dirishani.

"Gusa."

Kijana akagusa kwa ncha ya kidole. "Vya baridi," alikiri.

"Basi niondokee mlangoni, unanizibia wateja."

Mteja wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya uchochoro. "Mama Kaango, mbona vimepauka hivi? Vinaumwa?"

"Kamalizie kwako. Mafuta yawe makali, na usivigeuzegeuze kama unayetafuta sindano."

"Sasa mama, chipsi bila mkono wako si viazi tu?"

Alifunga mfuko kwa fundo gumu ambalo fundi angehitaji mkasi kulifungua.

Kengele ya shule ikalia. Lango la nyuma likafunguka, watoto wakamwagika uchochoroni, wakilipita gurudumu la afisa pande zote mbili. Mjukuu alikuja nyuma yao, akiuvuta mguu wake, taratibu, bila kulazimika kukwepa gari wala pikipiki.

"Bibi, mbona jiko limezimwa?"

"Ingia ndani," akasema kwa ukali usiomlenga mtoto, akamshika mkono kwa nguvu, kama vile barabara kuu ilikuwa palepale mlangoni.