Ngoro za Baba Kandida

Majani yanayooza chini ya udongo mbichi yananuka kama soksi za mtu aliyepanda kwa miguu kutoka Lituhi, kule ziwani, hadi kwetu milimani bila kupumzika. Watu wa mjini wakisikia habari za harufu ya shamba hufikiria maua. Hawajafika kijijini kwetu Mbuji mwezi wa tatu. Mwezi huo mvua zinaelekea ukingoni, ukungu unaingia mpaka jikoni bila hodi, na kila mlima umechorwa miraba ya ngoro. Kwa asiyejua: wanaume hufyeka majani na kuyalaza shambani yakikatizana, mraba kwa mraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani, mpaka shamba zima linakuwa mashimo yenye kingo, mfano wa trei ya mayai. Maji yanatulia shimoni, mlima haushuki bondeni, na maharage yanapandwa juu ya kingo. Mwisho wa mwaka mahindi yanapandwa papo hapo. Kwa hiyo asiyechimba mwezi wa tatu amejinyima maharage na ugali kwa pamoja. Wala si kazi ya mtu mmoja. Leo tunachimba kwako, kesho kwangu, na bibi yangu ndiye aliyekuwa akipanga zamu za wanawake wa upande wetu, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti.

Nilikuwa darasa la nne, najiandaa kwa Komunyo ya kwanza, jambo ambalo kwa tabia zangu lilikuwa sawa na kumwandaa mbuzi aimbe kwaya. Katekista wetu, Anselmi, alikuwa na fimbo, miwani iliyofungwa kwa waya, na swali moja alilolipenda kuliko yote: “Neema ni nini?” Nasi tulipaza sauti hadi popo wakahama darini: “Neema ni zawadi anayotupa Mungu bure, bila sisi kustahili!” Siku moja benchi liliniwasha, nikanyoosha mkono. “Katekista, kama ni bure, mbona tunafanyiwa mtihani?” Wenzangu wakaangua kicheko. Katekista akavua miwani, ishara mbaya. “Wewe toka nje, ukapokee neema ya mvua.” Nikatoka, nikaloa, nikacheka peke yangu mpaka nikachoka. Swali lenyewe halikutoka. Lilinifuata nyumbani kama mbwa asiye na mwenyewe.

Wakati huo kijiji kizima kilikuwa kimemnunia Baba Kandida, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Mwaka wa nyuma tulikuwa tumechimba shamba lake mpaka pembe ya mwisho, tukala ugali wake, tukamshukuru. Zamu yetu ilipofika, yeye na mkewe wakashuka Lituhi kununua usipa, wale dagaa wa ziwani, wakauze, wakarudi kazi ya watu wote imekwisha, wananukia samaki na hawana aibu. Kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimwibia kuku, lakini si kula jasho lake ukatoweka. Basi mwaka huu alifyeka majani yake na kuyalaza vizuri tu, kisha hakuna jembe la mwanamke lililokanyaga pale. Mkewe alikuwa amejifungua juzi. Majani yakalala wazi yakinyeshewa, yakageuka rangi, na mvua zilikuwa zinahesabika. Kandida mwenyewe, tuliyekaa naye dawati moja, alianza kuja shuleni kimya kimya. Mimi, mtoto wa Komunyo, nilikuwa nimetunga wimbo: “Baba Kandida, chimba na usipa wako.” Uliimbwa hadi kisimani. Niliona fahari.

Jumamosi moja Bibi akabeba jembe, tukamfuata mstari mzima wa wanawake. Kwenye njia panda akakata kushoto.

“Bibi, umepotea,” nikasema. “Kwa Mama Filo ni kule.”

“Miguu ni yangu.”

Mama Filo, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake, akasimama. “Mama, huku si kwa yule aliyetukimbia akafuata usipa?”

“Ndiko.”

“Tunakwenda kumfanya nini?”

“Kumchimbia. Anayetaka kurudi arudi. Ila jembe aniachie, langu limechakaa.”

Hakuna aliyerudi, labda kwa kuogopa kupoteza jembe. Baba Kandida alitoka nje, akatuona, akataka kurudi ndani, akashindwa. “Shikamoo, Mama,” akasema kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. “Marahaba,” Bibi akajibu. “Sikuja kukusamehe, hiyo kazi ya Padre. Nimekuja kuchimba. Sogea, umekanyaga majani.”

Nilichimba kwa hasira. Wanasema tenda wema uende zako, lakini hakuna methali inayokuambia uchimbe vipi shamba la mtu uliyemtungia wimbo. Kingo zangu zilipinda, na Bibi, ambaye alipenda ngoro zinyooke kama ubao wa fundi, alizibomoa kwa mguu. “Rudia.” Nikarudia. Akabomoa tena. “Rudia.” Nikalipuka. “Bibi, huyu mtu hastahili!” Aliinua uso, jasho likimtiririka puani. “Ndiyo,” akasema. “Chimba.” Nikangoja aendelee, maana watu wazima wana hotuba. Akahamia mraba mwingine.

Jua lilipopinda shamba lilikuwa limekwisha. Baba Kandida akaja na jogoo aliyefungwa miguu. “Mama, mpokee hata huyu, nafsi yangu itulie.” Bibi akafuta jembe kwa majani. “Nikimpokea nimekuwa kibarua wako. Mrudishe bandani.” Mtu yule akabaki amesimama na jogoo kifuani, wote wawili wakiwa na macho yaleyale. Siku hiyo nilidhani Bibi ni mpole kupita kiasi. Baadaye nilidhani ni mkatili, maana alimwacha bila kitu cha kushika. Na usifikiri mtu huyo aligeuka malaika. Mwaka uliofuata alikuja kwetu asubuhi moja, akatoweka, tukasikia yuko tena ziwani. Wema hauozi, wanasema. Mimi nilianza kusikia harufu. Bibi akaendelea kupanga zamu.

Sasa niko kidato cha tatu, bweni, mjini Mbinga, ambako mwalimu wa zamu ananijua kwa jina na kwa sauti ya hatua. Zamu zile zimepungua sana. Siku hizi watu wanaita vibarua, wanalipa kwa simu, kazi imekwisha na hakuna aliyemnunia mwenzake. Ni rahisi zaidi, sikatai. Lakini Bibi nyonga imemgomea, hawezi kuinama, na nilipokwenda nyumbani likizo fupi ya mwezi wa tatu nilikuta majani ya shamba lake yamelazwa na mjomba, yanageuka rangi. “Niite watu?” nikauliza. “Sitaki kusumbua watu,” akasema, kisha akawa anatoka na kuingia mlangoni kutwa nzima kuangalia mawingu.

Kesho yake asubuhi tukasikia jembe. Alikuwa Baba Kandida, na jembe la mkewe, anachimba, kazi ya wanawake ambayo hakuwahi kujifunza. Waliokuwa wakipita njiani wakashika mbavu. “Baba Kandida, na mtoto utamnyonyesha mwenyewe?” Hakuinua kichwa. Ngoro zake zilikwenda kombo kama meno yangu. Bibi akafika akiegemea fimbo.

“Nani kakuita?”

“Hakuna, Mama.”

“Umepinda.”

“Najua, Mama.”

Bibi akanigeukia. “Kamkamate yule kuku mwekundu.”

“Mama,” Baba Kandida akasema, bado ameinama, “ukinilipa nimekuwa kibarua wako.”

Bibi akakaa kwenye jiwe, akavuta pindo la kanga, akaliachia, akalivuta tena, hatulii, kama mimi kwenye benchi la Katekista. Yule aliyetoa bila kupepesa macho alikuwa hajui aweke wapi mikono yake.

Alipoondoka yule mtu, nikachukua jembe ninyooshe ngoro ya kwanza.

“Acha,” Bibi akasema.

“Imepinda, Bibi.”

“Naiona.”

“Mimi ulikuwa unanibomolea!”

“Nimesema usiguse.”

Nimerudi shule. Kwenye mtihani wa dini wameuliza maana ya neema, nikaandika lile jibu la Katekista Anselmi neno kwa neno, nikapata zote, na tangu hapo sina raha, kana kwamba nimenakili kwa jirani. Juzi nikaazima simu ya matroni nikampigia Bibi. Akaniambia maharage yameota.

“Hata kwenye zile zilizopinda?”

“Maharage yanajuaje?” akasema, akakata simu.