Gogo la Valens

Valens, mdogo wa marehemu mume wangu, ameniulia kuku aliyekuwa akiatamia mayai kumi na moja. Alikuwa kuku wangu wa mwisho. Amemuua kwa ajili ya picha ya kandege.

Muntu huyo hajamaliza jambo lolote maishani. Alienda Kitshanga kuuza jibini, nusu akaila, nusu ikaoza. Akanunua pikipiki, akaanguka siku ya kwanza, akasema pikipiki ni ya watu wasio na akili. Mwaka huu amerudi hapa kilimani na kamera yenye mdomo mrefu. Asubuhi tatu alijificha porini akingoja kale kandege kenye kifua chekundu. Simu ikilia, anapokea, tena kwa sauti.

Nikamhurumia. "Shemeji, tafuta siafu. Bakipita, kandege kanabafuata, kanakula wadudu wenye kukimbia."

"Mama Astrid, hayo ulisomea wapi?"

"Mu mihogo."

Akacheka, lakini akafuata siafu. Walikuwa wakipita nyuma ya nyumba yangu. Mimi nilikuwa nimechimba mufereji kuzunguka banda la kuku na kuujaza majivu, kama kila mwanamke anavyofanya hapa, maana siafu hawapendi kukanyaga majivu. Nikaenda kupalilia maharage.

Kumbe chini ya miti kulikuwa na giza kwa kamera yake. Akachukua gogo langu la kuni, akalilaza juu ya majivu kama daraja, ili siafu wapite kwenye jua na kandege kaje huko. Kakaja. Akapiga picha, akafunga mfuko wake, akaenda. Gogo akaliacha palepale.

Niliporudi nilikuta manyoya. Kuku hakuacha mayai yake.

"Kuku ni kuku tu, Mama Astrid," akaniambia. "Foto hii itafika mbali."

Jumapili foto hiyo ilifika kanisani, kubwa kama mlango. Valens akasimama mbele, akaeleza alivyokatafuta kandege kwa akili na uvumilivu wake. Watu wakapiga makofi. Kandege ni kazuri, siwezi kukataa. Kamesimama juu ya gogo langu. Alama za shoka langu zinaonekana.

Valens bado ana deni langu. Anilipe kuku jike anayeatamia, asiniletee jogoo. Kisha asimame palepale kanisani, mbele ya watu walewale, aseme nani alimwambia habari za siafu, na nani aliweka gogo.