Ganda la Yai Mfukoni

Ganda linalovunjwa na mdomo wa kifaranga liliwezaje kubeba vitabu vya darasa zima?

Juzi nilimwona mpwa wangu akipindua nusu za maganda ya mayai mezani na kuyapangia vitabu juu, nikanusa tena chaki ya shule yetu ya Maganzo.

Mchana ule mwalimu alipotuonyesha jaribio hilo hilo, niliamini kwamba ganda lenyewe lina nguvu za kulinda. Nikaficha moja katika mfuko wa koti la baba, aliyechimba almasi ndani ya handaki, ili udongo usimwangukie.

Kesho yake alirudi mapema, ananuka tope na jasho, akamwonyesha mama ganda lile.

"Mama Shija, nimetegewa dawa!"

"Dawa gani? Si ganda la yai hilo?"

"Ndiyo dawa yenyewe! Shimo lile siingii tena."

Nililia kimya nyuma ya mlango, nikiona nimemvua kinga yake. Baba akahamia shimo lingine, kwenye udongo mgumu, akachimba huko mpaka uzeeni.

Chuo kikuu ndipo nilipojifunza kwamba tao, kama mgongo wa ganda la yai, hubeba uzito kwa kuusukuma pembeni, na kuta zinazolishikilia zisipokuwa imara huanguka. Kuta za lile shimo la kwanza zilikuwa mchanga mtupu.