Stara ya Nani?

Dobi wa nyuma ya soko alikuwa mwanamke wa maneno machache, na si kwamba hakuwa nayo. Anayefua mashuka ya watu anajua nani anaumwa na anajificha, nani kahama chumba cha mumewe. Yote aliyafua, akayaanika, akayapiga pasi, akanyamaza. Kazi yetu ni stara, alizoea kusema; doa likishatoka halina mwenyewe.

Binti yake alifia hospitali ya serikali akisubiri kupasuliwa ajifungue. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimefungwa, na aliyekuwa zamu kaondoka na ufunguo. Tume ikaundwa, ripoti ikaandikwa, ikafungiwa kabatini. Mama mtu alitaka kitu kimoja tu: jina la huyo mwenye ufunguo. Kila alipokwenda wizarani aliambiwa ripoti haitoki, eti kulinda faragha ya marehemu. Maajabu ya Musa! Walimwacha kwenye korido anagaagaa watu wakipita, leo ndio wanamwonea haya.

Akashtaki. Kesi ikapigwa danadana mpaka majirani wakamwambia aache, aliyekufa harudi. Hakuacha. Siku ya hukumu jaji akasema wananchi wana haki ya kuona kumbukumbu za serikali yao, ripoti itolewe, ila faragha ya watumishi waliotajwa ilindwe. Dobi alishapiga kigelegele kabla ya hilo "ila", wala hakulisikia.

Ripoti ikatoka, magazeti nayo yakaidaka. Kila penye jina la mtumishi pamepakwa wino, mweusi tititi. Daktari kafutwa. Mwenye ufunguo kafutwa. Lakini binti yake, lahaula, kaanikwa juani: jina lake, la baba yake, maradhi yake, na kwamba mimba ile ilikuwa ya pili. Dobi akaenda masjala ya mahakama na hasira zake. Karani akamweleza, kwa upole wa mtu asiyefiwa, kwamba sheria ya faragha inawalinda walio hai.

"Kumbe," Dobi akasema. "Aliyekufa mmemvua nguo, aliyemuua mmemvika koti."

Karani akamshauri akate rufaa.

Alipofika nyumbani alimkuta mkwewe mlangoni, gazeti mkononi. Kijana wa watu alikuwa na adabu zake. Tangu aoe hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni. Leo alimtazama. Alimzika mkewe akijua ile ndiyo mimba yake ya kwanza.

"Mama," akasema, "ile ya mwanzo ilikuwa ya nani?"

Dobi alikuwa anajua. Siri ile aliibeba tangu binti yuko shuleni, wakala kiapo wawili iende nao kaburini. Haya hakuona, ghadhabu tu.

"Kaiulize serikali, baba," akamjibu. "Wao wanajua kila kitu cha mwanangu, isipokuwa aliyemuua."