Njegere Alizoacha Mama

Majivu ya kuni yakikaa na mbegu ndani ya kibuyu mwaka mzima yanapata harufu ambayo siwezi kuifananisha vizuri na kitu kingine. Siyo moshi, siyo vumbi. Labda nguo ya mtu mzima iliyokaa sana sandukuni. Juzi, hapa Mwisenge ninapokaa, mwenzangu wa jumuiya ya kanisani alikuja kuniomba mbegu ya njegere. Nikachomoa gunzi lililoziba kibuyu, ile harufu ikanipiga usoni, nikasahau kabisa kwamba nina mgeni.

"Vipi, kuna nyoka humo?" akaniuliza.

Nikacheka, nikammiminia mbegu zake, akaenda. Mimi nikabaki pale kwenye kigoda, nimerudi kuwa na miaka minane.

Tulikuwa tunakaa Kiabakari kwa bibi mzaa baba, nyumba iko pembeni kabisa ya barabara ya Musoma. Mama yangu kabla hajaolewa alifanya kazi kwenye bustani ya masista kule Nyegina, na huko ndiko alikotoa mbegu ya njegere za maganda. Labda wewe unazijua za kupukuchua tu. Hizi unazichuma ganda likiwa bado bapa, punje hata hazijajaa, unakata ncha, unavuta uzi wa pembeni, unakaanga na ganda lake. Ukitafuna zinalia kwenye meno, na zina utamu kama wa hindi bichi. Pale kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Shangazi Wegesa, dada yake baba, alikuwaga anaziita mboga za masista, na anasema hivyo huku anajiongezea kwenye sahani.

Mama alizipanda nyuma ya jiko, maji ya kuogea yanapopita, akachomeka fito zitambae. Baba alikuwa mtu wa machimbo, leo yuko huku, kesho kule, na akirudi nyumba haina amani. Masika moja, njegere zimeanza kutoa maua yale ya zambarau, mama alinishika mkono tukaenda kule nyuma. Akanionyesha mimea minne ya mwisho, kila mmoja kaufunga uzi mwekundu.

"Hii minne msiichume. Muiache ganda likauke mpaka ukilitikisa lilie. Hiyo ndiyo mbegu."

Kesho yake niliamka, hayupo.

Kwetu mahari ikishatolewa, watoto ni wa upande wa baba. Mama aliondoka peke yake kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kuondoka na mimi. Wakati ule sikujua hayo. Mimi nilijua kitu kimoja tu, kwamba mama ameacha mbegu yake, na mtu hawezi kuitelekeza mbegu yake. Atairudia.

Basi nikawa mlinzi. Siyo wa ile mimea minne, wa tuta zima. Bibi akija na ungo kuchuma, namlilia mpaka anaondoka. Nilitaka mama azikute zote. Sikujua kwamba njegere usipozichuma zinaacha kutoa maua. Mmea ukishajaza mbegu unaona kazi yake imeisha, unakauka. Wiki chache tu tuta lote likawa la kahawia. Siku hiyo nililia kuliko siku mama alipoondoka.

Maganda yakakauka yakalia. Tukapukuchua, bibi akachanganya mbegu na majivu, akatia kwenye kibuyu, akaziba na gunzi.

"Haya mke mwenzangu, lete tukitundike juu ya moshi wa jiko, fukusi wasiingie." Ndivyo alivyokuwa ananiita, utani wa bibi na mjukuu.

"Hapana bibi. Kitakaa kwangu. Mama akija nimpe mwenyewe."

Bibi akaniangalia, halafu akaenda kugeuza ugali. Jina la mama hakulitaja. Tangu siku ile mama alipoondoka, bibi alikuwa halitaji. Mimi nikakiweka kibuyu chini ya kitanda changu, kwenye sakafu ya udongo.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza upweke wa miaka ile. Hakuna aliyenipiga, njaa nayo sikuijua. Lakini Jumamosi mchana watoto wa majirani walikuwa wanakaa katikati ya magoti ya mama zao wanasukwa kwa ajili ya misa ya kesho, na mimi bibi ananinyoa kwa wembe, anaimba kwa kilugha, anamaliza upesi. Nikitoka pale naingia ndani, navuta kibuyu, nakitikisa sikioni. Nasali Salamu Maria tatu, moja ya mama, moja ya mbegu, moja ya njia isiwe na matope. Kila mara nafungua kidogo nichungulie, nafunga.

Shangazi alinikuta. "Wenzako wanabeba watoto wa magunzi mgongoni, wewe unabeba kibuyu! Utaolewa nacho?"

"Mwache," bibi akasema kutoka nje.

"Mama, unamlea huyu au unamwangalia tu?" shangazi akamgeukia bibi.

"Nimesema mwache, Wegesa."

Mvua zilikuja, bibi akalima lile tuta. "Tupande?" Nikasema tumsubiri mama. Zikaja zingine. "Tupande?" Tumsubiri mama. Bibi akaishia kupanda mchicha. Sasa naona uvumilivu aliokuwa nao, maana mtu mzima mwingine angeninyang'anya kibuyu akapanda, na asingekosea.

Masika ya tatu nilikitikisa nikasikia sauti imebadilika. Imekuwa nyepesi, kama makapi. Nikamwaga kwenye ungo. Unyevu wa sakafu na ule ufunguaji wangu wa kila siku ulikuwa umefanya kazi. Nyingine zimeota ukungu, nyingine fukusi wametoboa, ukiibonyeza inakuwa unga. Nilipiga kelele mpaka bibi akaja mbio na mwiko mkononi. Mambo yote yalikuwa kwenye ule ungo. Mbegu ikifa, mama atarudia nini?

Bibi hakusema "nilikwambia". Alikaa chini, akanyoosha miguu yake yenye magoti mabovu, akaanza kuchagua. Zilizotobolewa huku, nzimanzima huku. Zile nzima akazifunga kwenye kitambaa chenye maji, akaniambia nisikiguse. Kila asubuhi ananyunyizia. Siku ya tano akakifungua. Zilikuwa zimeota kumi na moja, kijimzizi cheupe kimechungulia kama jino la mtoto.

Nikazibeba kwenda nyuma ya jiko.

"Siyo huko," bibi akasema. "Panda mbele, kwenye ua wa fito, upande wa barabarani."

"Bibi, pale mawe matupu!"

"Panda pale."

"Mbuzi watakula. Na vumbi la magari."

"Mke mwenzangu, mwenye jembe nani? Panda pale."

Nilipanda nimenuna. Niliona ananikomoa kwa misimu yote ile niliyokataa kupanda. Lakini alitafuta miiba mwenyewe akazungushia, na maji alikuwa anachota bombani, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Zikashika. Zikapanda ua. Mwaka huo tulikula kidogo, nyingi tukaziacha ziwe mbegu, na kila mwaka baada ya hapo tulipanda palepale kwenye mawe. Mama hakuja. Taratibu niliacha kumsubiri, na nafikiri ndipo nilipoanza kumchukia bibi kimyakimya.

Bibi alifariki nikiwa nimeolewa Musoma. Kwenye masomo ya jioni, nimeshakuwa mtu mzima na mimba ya kwanza, mwalimu alituambia mbegu kavu inapumua, polepole sana, na ukiifungia tu bila kuipanda siku zake zinaisha. Darasa zima wakaandika. Mimi nilishindwa kuandika.

Mtoto alipotimiza mwaka, ndugu wa upande wa mama akanielekeza aliko mama. Nikamkuta Bunda, anauza dagaa sokoni, amekonda, amefunga kitambaa kichwani kama ninavyofunga mimi. Tulilia, tukapika chai. Nikamuuliza kwa nini hakuja hata mara moja.

"Nilikuwa napita, mwanangu. Nilikuwa nafuata dagaa Musoma. Gari likikaribia Kiabakari naomba watu wanipishe dirishani. Kushuka nisingeweza, ungezuka ugomvi wa mahari, wewe ndiye ungeumia. Mwaka wa kwanza sikukuona. Wa pili sikukuona. Nikasema labda wamempeleka kwingine, labda amekufa."

Akaniongezea chai.

"Siku moja gari lilisimama palepale kwenu kupakia gunia. Bibi yako amekaa nje na karanga zake. Tukaangaliana. Hakuniita, na mimi sikumwita. Akainamisha kichwa, akaendelea kuchambua. Masika yaliyofuata nikapita, naona njegere zangu zimetambaa ua mzima, zina maua. Nikajua upo. Kila mwaka nikawa naziona."

Nilikuwa namwona bibi na ndoo zake.

Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kumtaja mkwe wake kwa jina, na mimi kwa utoto wangu nilihesabu ile kuwa chuki. Kumbe kumwita hakuwa na uwezo, nyumba isingemwelewa, hata mwanawe asingemwelewa. Alichoweza ni kumwagilia mawe kila siku, ili mtu mmoja ndani ya gari aone maua kwa muda wa kufumba na kufumbua, ajue mtoto yupo. Kwenye sala za marehemu namtaja yeye wa kwanza, Mungu ni shahidi yangu. Lakini asante yake nilitakiwa nimpe palepale uani, amesimama na ndoo, ananiomba nimpokee moja. Na mimi nilikuwa nimenuna.